Mfumo wa Kale Katika Kompyuta Mpya: Mada Juu ya Kusimika Windows 7 Katika Kompyuta Mpakato za Miaka ya Karibuni



Maudhui niliyokabidhiwa leo huenda yakaonekana kwa baadhi yenu kuwa yanakwenda kinyumenyume, kwa kuwa desturi ya watu ni kutoka katika chakavu kwenda katika kipya, ilhali sisi tunataka kuzungumza juu ya mtu aliyenunua kompyuta mpakato ambayo bado ina nailoni ya kiwandani juu ya kioo, kisha akaileta mezani kwa fundi na kumwomba aipige Windows 7, mfumo endeshi uliotolewa kwa umma tarehe 22 Oktoba 2009 na kuachwa mkono na watengenezaji wake tarehe 14 Januari 2020. Ombi hilo si la wapumbavu, wala si la nadra kama wanavyodhani wale ambao hawajapata kukaa nyuma ya meza ya fundi. Muradi wangu ni kuonyesha ya kuwa ugumu wa kazi hii haumo katika ubaya wa mfumo wa kale wala katika inda ya mashine mpya, bali umo katika dakika chache za mwanzo wa usimikaji, ambapo programu inayosimika haina macho ya kuona wala mikono ya kushika. Na ya kuwa fundi anayezielewa barabara dakika hizo hupata, pamoja na ufundi, hukumu ya lini aikubali kazi na lini aikatae kwa adabu.

Wanaoomba si wa namna moja. Aghalabu wa kwanza kuingia ni yule asemaye, "Fundi, niwekee Seven, hii Ten nzito mno," na ukimdadisi utagundua kuwa uzito anaousema aliuonja katika kompyuta yake ya zamani, iliyokuwa na diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, ambamo Windows 10 kwa masasisho yake na upekuzi wake wa mafaili haikuipa diski nafasi ya kupumua. Katika kompyuta mpya yenye diski ya NVMe sababu ile imekwisha ondoka, na dawa ya mtu huyu ni kumzimia programu zinazojiwasha zenyewe, kisha kumrudishia mashine yake kama ilivyo. Yuko na yule aliyezoea tu, ambaye hataki kujifunza upya kitufe kiko wapi. Huyu simlaumu, lakini sioni kuwa mazoea yanatosha kumtia mtu katika hatari nitakayoieleza baadaye. Mwenye hoja ya kweli ni yule wa tatu: mwenye kifaa cha maabara, au mashine ya kudarizi, au printa ya kadi, au programu ya mahesabu ya ofisi, ambayo mwandishi wake alikwisha acha kazi au kampuni yake ilikwisha fungwa, nayo haifanyi kazi ila chini ya mfumo wa zama zake. Kwa huyu mfumo wa kale ni sharti la riziki yake, na kwa ajili yake inafaa tuijue kazi hii kwa undani.

Na tuanze pale fundi anapoanzia. Ameandaa flashi ya usimikaji kama alivyozoea, ameichomeka, amewasha kompyuta na kubonyeza F12 au F9 au Esc, kwa kuwa kila kiwanda kina desturi yake, kisha akachagua flashi katika orodha. Maandishi yanapita, pazia la buluu la Windows 7 linatokea, na dirisha la kuchagua lugha linajitokeza. Moyo wa fundi unatulia. Anasogeza kidole juu ya padi ya kugusa, mshale hauendi. Anachomeka mausi, mshale hauendi vilevile. Kibodi ya kompyuta yenyewe inaitikia, kwa sababu katika kompyuta mpakato nyingi imeunganishwa ndani kwa njia ya zamani ya PS/2, lakini kibodi ya nje iliyochomekwa katika poti ya USB ni mfu. Basi anasonga mbele kwa vitufe vya Tab na Enter, anaamuru usimikaji uanze, na hapo linamtokea tangazo la ajabu, ya kwamba draiva ya kifaa cha CD au DVD inayohitajika haipo, ilhali kompyuta iliyo mbele yake haina mahali pa kutia CD, wala yeye hakutumia CD. Mafundi wangapi wachanga wametumwa na tangazo hilo kutafuta draiva ya kifaa kisichokuwapo!

Anayetaka kuuona ukweli kwa macho yake na abonyeze Shift pamoja na F10 papo hapo, dirisha jeusi la amri litafunguka; aandike diskpart, abonyeze Enter, kisha aandike list disk. Flashi aliyoitumia kuwashia kompyuta, ambayo bado imechomekwa na pengine taa yake inamulika, haimo katika orodha. Programu ya usimikaji imetoka ndani ya flashi ile, na sasa haiioni tena.

Sababu yake ni hii. Kompyuta inapowashwa, mwenye amri ni programu iliyochomwa ndani ya bodi kuu, ambayo watu bado wanaiita BIOS ijapokuwa siku hizi ni UEFI. Hiyo inazijua poti za USB za mashine yake, nayo ndiyo inayosoma kutoka katika flashi faili liitwalo boot.wim na kulipandisha lote katika RAM. Faili hilo likishapanda na kushika hatamu, BIOS hujitenga, na tangu hapo kila kifaa hakifikiki ila kwa draiva iliyomo ndani ya mfumo wenyewe. Mithili ya nahodha aliyeingizwa bandarini na rubani wa bandari, kisha rubani akateremka, naye akabaki na ramani ambayo gati lililo mbele yake halikuchorwa. Windows 7 inazijua namna za USB 1 na USB 2, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimetanda ilipokuwa ikiandikwa. Kanuni za USB 3.0 zilitangazwa Novemba 2008, wakati mfumo huo umekaribia kukamilika, na kidhibiti chake kiitwacho xHCI hakikuwahi kupewa draiva ndani ya Windows 7. Kwa miaka kadhaa kasoro hiyo haikudhihirika, maana viwanda viliweka kidhibiti cha kale na kipya pamoja katika mashine moja, na fundi aliyekwama katika poti ya buluu alihamia poti nyeusi akaendelea na kazi. Ilipofika 2015, Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha 6 zijulikanazo kwa jina la Skylake, kidhibiti cha kale kiliondolewa kabisa, na poti zote, nyeusi kwa buluu, zikawekwa chini ya xHCI. Tangu hapo ujanja wa kuhama poti ukawa hauna faida.

Kipingamizi cha diski kina asili moja na hicho cha USB. Kanuni za NVMe zilitoka Machi 2011, mfumo ukiwa tayari mikononi mwa watu. Kwa hiyo hata fundi aliyefanikiwa kuifikia flashi hukutana na orodha tupu pale anapoulizwa asimike katika diski ipi. Diski ya SATA huonekana bila taabu. Ya NVMe haionekani mpaka iongezwe draiva ya mtengenezaji wake, au sasisho la Microsoft lenye namba KB2990941, lililotolewa kwa haja hiyohiyo. Fundi asikimbilie kusema diski imekufa.

Kipingamizi cha UEFI kina hila zaidi. Windows 7 ya biti 64 yaweza kuwashwa kwa njia ya UEFI, lakini katika kuandaa kioo ingali inahitaji huduma ya picha ya BIOS ya kale, ile ambayo wajuzi huitambua kwa jina la Int 10h; penye mashine isiyo na huduma hiyo, nembo ya kuwasha husimama kimya, na mtu anaweza kukesha akiitazama. Ndiyo maana tunatafuta katika mipangilio ya BIOS mahali palipoandikwa CSM au Legacy na kupafungulia, na kuzima Secure Boot, ulinzi ulioingia na Windows 8 mwaka 2012 ambao Windows 7 haiufahamu. Lakini Intel ilitangaza mwaka 2017 kusudio la kuiondoa njia hiyo ya kale ifikapo 2020, na katika kompyuta mpakato nyingi za sasa ukiitafuta CSM huipati. Ikiwa haipo, ushauri wangu ni kuacha. Ziko programu za vichochoroni zinazojaribu kuigiza huduma ile, lakini sikabidhi mashine ya mteja kwa kitu ambacho kesho sitaweza kukitolea maelezo.

Fauka ya hayo, lipo jambo ambalo si la ufundi bali ni la siasa ya biashara, nalo limewapa watu dhana ya kuwa wamefanyiwa hila. Januari 2016 Microsoft ilitangaza kwamba prosesa mpya zitahudumiwa na Windows ya karibuni peke yake, na kwamba mashine teule za Skylake zingevumiliwa chini ya Windows 7 hadi tarehe 17 Julai 2017. Makelele ya wenye maofisi makubwa yakawa mengi, ukomo ukasogezwa Machi hadi Julai 2018, na Agosti ukasogezwa tena hadi mwisho wa umri wa mfumo wenyewe. Lakini kwa kizazi cha 7 cha Intel na kwa Ryzen za AMD hapakuwa na msamaha: kuanzia 2017, aliyesimika Windows 7 humo alikuta huduma ya masasisho inamwambia kuwa mashine yake haikubaliki. Mtu ana haki ya kukasirika, maana diski ilisoma, kioo kilionyesha, na programu zilifunguka. Lililokataliwa ni kupewa kinga. Hata hivyo tusiwatie watengenezaji wote kapu moja, kwa kuwa kuandika draiva kwa ajili ya mfumo ulio ukingoni ni gharama, na viwanda vya vifaa viliacha kuziandika hata pale ambapo hakuna aliyevikataza.

Sasa nije kwenye tadbiri. Kabla ya kugusa chochote, fundi aandike jina kamili la modeli lililo chini ya kompyuta, aende katika tovuti ya kiwanda, na atazame kama chini ya modeli hiyo kuna draiva za Windows 7. Zikiwapo, kazi ina matumaini. Zisipokuwapo hata ya kioo, mteja aambiwe mapema kuwa atapata picha ya kukwaruza, isiyobadilisha mwanga wala ukubwa, na betri itakayomalizika upesi. Achukue kwanza nakala nzima ya diski kama ilivyotoka dukani na kuiweka katika diski ya nje, maana wateja wengi waliodai mfumo wa kale kwa sauti kubwa hurudi kabla ya mwezi kwisha wakidai ule mpya kwa sauti hiyohiyo. Na azipakue draiva zote kwa kompyuta nyingine, ya Wi-Fi ikiwa ya kwanza, kwa sababu mfumo ukisimama bila Wi-Fi katika mashine isiyo na tundu la waya wa mtandao, hakuna mlango wa kuingizia kingine chochote ila flashi, na flashi nayo ndiyo ileile isiyoonekana.

Kisha draiva hizo zitiwe ndani ya flashi ya usimikaji kabla ya kuanza. Intel iliwahi kutoa kijiprogramu cha kuifanya kazi hii, na baadhi ya viwanda vya bodi vilitoa vyao, lakini mimi napendelea fundi ajue kuifanya kwa mkono wake kwa amri ya DISM, iliyomo katika kila Windows ya karibuni. Ndani ya folda iitwayo sources mna mafaili mawili yenye maana kwetu. Boot.wim ndilo linalopanda katika RAM, nalo lina sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo inayosimika; install.wim ndilo mfumo wenyewe utakaonakiliwa katika diski, nalo limebeba matoleo kadhaa kwa pamoja, hivyo draiva zitiwe katika toleo linalotakiwa. Faili hufunguliwa katika folda tupu, kisha huandikwa amri ya namna hii:

dism /image:C:\fungua /add-driver /driver:C:\draiva /recurse

halafu hufungwa kwa kuhifadhi. Aliyetia draiva katika install.wim pekee atakwama mlangoni, kwa tangazo lile la CD. Aliyetia katika boot.wim pekee atasimika kwa raha, kompyuta itajizima na kujiwasha, na pale anapoombwa kuandika jina la mwenye kompyuta atajikuta hana mausi. Tena kwa anayewasha kwa njia ya UEFI kuna sharti dogo linalosahauliwa: flashi iwe ya FAT32, na faili bootmgfw.efi linakiliwe kutoka ndani ya mfumo, lipewe jina la bootx64.efi, na liwekwe katika folda boot iliyo ndani ya efi, kwa kuwa Windows 7 kama ilivyotolewa haikuliweka hapo.

Mfumo ukishasimama, fundi asishangae kuona draiva nzuri ikikataliwa kwa madai kuwa saini yake haithibitiki. Windows 7 ya biti 64 haikubali draiva isiyo na saini, na saini za miaka ya karibuni hutiwa kwa namna ya SHA-2, ambayo mfumo uliotoka 2009 hauisomi mpaka upewe masasisho KB4490628 na KB4474419, yote ya mwaka 2019. Hayo yawekwe mwanzo kabisa, kwa mkono, kabla ya kujaribu kingine. Na kwa jina la Mungu, flashi isitengenezwe kutokana na zile nakala zilizopunguzwa uzito na watu wasiojulikana, zinazopita mkono kwa mkono zikiwa na draiva zote na ufunguo wa bure ndani. Anayezipika kwa ukarimu kiasi hicho ana nafasi ya kutia humo chochote apendacho. Njia ya halali ipo kwa baadhi ya wateja: kompyuta iliyokuja na Windows 10 Pro ilikuwa na idhini ya kushuka hadi Windows 7 Professional, ijapokuwa ile ya Home haikuwa nayo.

Nimeeleza namna ya kufanya. Nieleze na lini kusifanywe. Mnakumbuka Mei 2017, uharibifu uitwao WannaCry ulipofunga mafaili ya hospitali na maofisi katika nchi zipatazo 150. Kinga dhidi ya tundu lile ilikuwa imekwisha tolewa Machi mwaka uleule, na kompyuta nyingi zilizopatwa zilikuwa ni za Windows 7 ambazo hazikusasishwa. Wakati ule mfumo ulikuwa bado hai, na kinga ilikuwapo kwa atakaye; leo matundu mapya yakigunduliwa hayazibwi. Vivinjari navyo vimeuaga: Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Mtu atakayeitumia kompyuta hiyo kwa benki, kwa barua pepe, na kwa flashi za wanafunzi zinazozunguka shule nzima, simsimikii, hata akinilipa maradufu.

Na yule mwenye hoja ya kweli? Mara nyingi hata yeye hahitaji mfumo wa kale ukae juu ya chuma kitupu. Chukueni mfano wa programu ya mahesabu ya biti 16, iliyoandikwa enzi za Windows 3.1. Hiyo haifunguki katika Windows yoyote ya biti 64. Yataka Windows 7 ya biti 32. Lakini Windows 7 ya biti 32 haiwashwi kwa UEFI hata kidogo, na katika mashine yenye RAM ya GB 16 haitumii zaidi ya GB 4. Yaani ukifuata haja ya mteja kwa uaminifu, unajikuta umefika mahali ambapo mashine yake haiwezi kuifuata. Hapo njia iliyobaki, nayo ni njema kuliko zote, ni kuacha mfumo mpya mahali pake na kusimika ule wa kale ndani ya kompyuta bandia, kwa programu kama VirtualBox. Humo programu ya usimikaji huonyeshwa diski ya SATA, USB ya kale na BIOS ya kale, vyote vikiwa vya kuigiza, nayo husimika tangu mwanzo hadi mwisho bila DISM wala draiva za kutafuta. Mtandao wake hukatwa kwa alama moja ya mipangilio. Kifaa cha USB, iwe ni printa ya zamani au kile kijiufunguo cha leseni kinachochomekwa, chaweza kukabidhiwa kwa kompyuta bandia moja kwa moja. Na ofisi nzima ya hesabu hukaa ndani ya folda moja, ambayo mhasibu huinakili katika diski ya nje kila Ijumaa. Vinavyoshindikana humo ni vifaa vinavyotaka majibu ya papo hapo bila kuchelewa hata kidogo, kama baadhi ya mashine za kukata na za kupimia. Kwa mwenye vifaa hivyo, nashauri itafutwe kompyuta iliyotumika ya kizazi cha 3 au cha 4 cha Intel, ambayo madukani haina bei kubwa, ikae karibu na mashine yake bila mtandao, na ile mpya ibaki na kazi mpya.

Limebaki jambo moja, ambalo litatushughulisha zaidi kuliko Windows 7 katika miaka ijayo. Windows 10 nayo imefikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na tayari wapo wanaoletewa kompyuta zenye Windows 11 waziteremshe. Kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa Windows 10 inaijua UEFI, inaijua xHCI na inaijua NVMe. Lakini katika kompyuta nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea fundi atakutana tena na ile orodha tupu ya diski, na safari hii kisa chake ni kidhibiti kiitwacho VMD, kinachokaa kati ya mfumo na diski. Tiba zake ni mbili. Ama VMD izimwe katika BIOS, mahali inapozimika, kwa hadhari kuwa Windows iliyokuwamo haitawaka tena mpaka irejeshwe. Ama draiva ya Intel iitwayo Rapid Storage ifunguliwe katika folda ya kawaida na kutiwa katika flashi hiyohiyo, kisha katika dirisha la kuchagua diski ibonyezwe Load driver na folda hiyo ionyeshwe. Baada ya nukta chache diski hutokea, ikiwa na vipande vyake vyote vya kiwandani. Na kipande cha kurejeshea mfumo kisifutwe, hata kama mteja anasema hakihitaji.